Sefu Italala kwa Nani

Sefu ilifika kabla ya bunduki. Ilikuja siku ya soko, ndani ya pikapu iliyoinamia upande mmoja kama mtu mwenye jipu kwenye paja, na kabla haijafika langoni kwa Elkana nusu ya soko la Rodi Kopany ilikuwa inaifuata kwa miguu. Wengine walisema ni friji. Muuza nyanya mmoja, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, aliapa kwamba ni jeneza la mtu mfupi.

Priscilla alikuwa anafua. Alipoona umati, alijifuta povu mikononi, akajifunga leso upya kiunoni na kusimama katikati ya njia.

"Nini hiyo mnaniletea na kelele zote hizi?"

"Ni sefu, Mama Liz," dereva akasema. "Ya mzee."

"Mzee wangu?"

"Kwani uko na wangapi?"

"Cheka tu, meno yako yapate hewa. Na mzee anataka sefu ya nini?"

"Ya kuwekea bunduki. Aliniambia nipitie hapa nimngojee, kisha..."

"Shusheni," Priscilla akasema haraka.

Alilisema neno hilo kabla dereva hajamaliza ile "kisha" yake, kwa sababu aliijua vizuri. Baada ya "kisha" huwa kunakuja "Suna". Na kitu chochote kilichopita kwake kikaenda Suna hakikuwahi kurudi, ukianza na Elkana mwenyewe.

Wanaume wanane waliishusha ile sefu, mmoja akaponea chupuchupu kupoteza kidole, ikatua uani kwa kishindo kilichowarusha kuku hadi juu ya paa la jikoni. Priscilla akaizunguka, akaipigapiga kwa kiganja kama mtu anayenunua ng'ombe, kisha akaikalia. Alikuwa na furaha kiasi kwamba miguu yake ilikuwa inacheza bila yeye kuiambia.

Mambo yalikuwa hivi. Elkana alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Alinunua Kehancha, akauza Rodi, na katikati kulikuwa na barabara ambayo tangu ile mvua ya El Nino ilikuwa mashimo matupu, na ndani ya mashimo mengine kulikuwa na majambazi. Mwaka huo walimshika, wakamvua kila kitu hadi viatu, akarudi mjini amevaa kanga ya maua aliyoazimwa na mama mmoja wa Kikuria. Watu wa soko walicheka mpaka wakachoka. Elkana hakucheka. Alikwenda kwa polisi akaomba cheti cha bunduki.

Polisi walikubali, ila kwa sharti. Awe na sefu ya chuma, ifungwe kwa bolti katika chumba cha ndani, si chumba cha wageni, tena katika nyumba ambayo yeye mwenyewe analala. Inspekta angekuja kuiona kwa macho yake.

"Kwa hivyo mzee, nyumbani kwako ni wapi?" walimuuliza.

Hilo ndilo swali ambalo Elkana alikuwa amelikwepa miaka mingi kama mtu anayekwepa mchango wa harusi. Alikuwa na wake wawili. Priscilla ndiye wa kwanza, Mikayi kama anavyoitwa mke mkubwa, mwenye nyumba kubwa ya matofali inayotazamana na lango huko Rodi Kopany. Wa pili, Joyline, alikaa chumba cha kupanga Suna, mjini Migori. Akiwa Rodi, Elkana alisema kazi iko Suna. Akiwa Suna, alisema ng'ombe wako Rodi. Lakini hesabu za usiku mke huzijua bila kufundishwa, na Priscilla alijua kwamba Suna ilikuwa inakula nyingi. Watoto wake walikuwa wameolewa na kuoa. Nyumba ilikuwa imenyamaza mpaka akaanza kuzoea kugombana na redio.

Sasa polisi walikuwa wamesema: bunduki inalala pale mwenyewe anapolala. Priscilla aliigeuza sentensi hiyo kichwani akaona inafanya kazi vizuri zaidi ikianzia mwisho. Sefu ikilala kwake, mwenyewe naye atalala kwake. Serikali imesema.

Elkana alifika jua likiwa bado juu, akakuta majirani wameizunguka sefu na mkewe ameikalia anakunywa chai.

"Nani alisema ishuke hapa?"

"Karibu nyumbani, Baba Liz. Chai?"

"Mimi nilisema dereva anywe chai, kisha tuipeleke Suna."

"Dereva amekunywa. Amekwenda. Kama unaweza kuibeba, mgongo ni wako."

Elkana akaitazama sefu, akautazama mgongo wake kwa mawazo.

"Mama Liz, hii si mambo ya mchezo."

"Hata mimi sichezi. Nikuulize. Mkuki wa baba yako ulikuwa unalala wapi?"

"Kwa Mikayi."

"Na ngao?"

"Kwa Mikayi. Lakini hii ni bastola."

"Inafanya kazi gani?"

"Inatoa risasi."

"Basi ni mkuki wenye haraka. Utalala kwa Mikayi."

Majirani wakapiga makofi. Elkana akasema, "Tutaona," na yeyote aliyemjua Elkana alijua kwamba "tutaona" yake ni kushindwa kulikovaa koti.

Wakaanza kutafuta mahali. Elkana alitaka sebuleni, kando ya redio, chini ya saa ya ukutani.

"Unataka bunduki ama unataka kuonekana una bunduki?" Priscilla akamuuliza. "Akina mama wa kanisa wakija maombi, waweke vikombe juu yake?"

Elkana akataja kibanda chake cha kupumzikia karibu na boma la ng'ombe. Wakakiendea. Priscilla akausukuma ukuta wa udongo kwa kidole kimoja na kipande kikaanguka. "Mwizi hatahitaji kuifungua. Ataondoka nayo pamoja na ukuta." Elkana akataja ghala. "Kwenye mtama wangu? Mkono wa mwanamume haujaingia humo tangu nijengewe, na hautaanza leo ukitafuta risasi." Akataja jikoni. Priscilla alimwangalia tu mpaka akaendelea na safari.

Mwishowe, akiwa amechoka na jua, Elkana akasimama katikati ya ua na kusema kana kwamba amefunuliwa: "Unajua, naona chumba cha kulala ndicho kizuri. Kina sakafu ya simiti na ukuta wa matofali."

"Kweli, Baba Liz?" Priscilla akashangaa vizuri sana. "Hata sikufikiria."

Alikuwa ameshasogeza kitanda tangu sefu iliposhuka.

Shida ikabaki fundi. Elkana hakutaka fundi wa nje ajue sefu imewekwa wapi, asije akatangaza sokoni. Kwamba soko lenyewe ndilo lililoisindikiza hadi uani halikumsumbua. Akamwita Zadock, mume wa binti yao Liz, mchomeleaji hodari kutoka Migori mwenye jenereta na drili yake mwenyewe.

Zadock akaja. Lakini alikuja ukweni, na mkwe haji ukweni kama anayekwenda kuchimba choo. Alivaa suti ya rangi ya bahari na tai, viatu vinang'aa, na kwa mkono wa kulia ameshika drili. Akasalimia macho yakiwa chini. Akaketi kwenye kiti chake cha mkwe, karibu na mlango, asitazame hata paa. Akanywa soda. Kisha akauliza kwa adabu kazi iko wapi.

"Ndani," Elkana akasema, akionyesha pazia la chumba cha kulala.

Zadock akasimama, akapiga hatua, akaganda pale kwenye pazia kama aliyeona nyoka.

"Baba, huku si ndiko... Mama analala huku?"

Wote watatu walikuwa wameifikiria sefu, bolti, jenereta na inspekta. Hakuna aliyekumbuka kwamba fundi ni mkwe, na mkwe akiingia chumba anacholala mama mkwe wake, afadhali nyumba iungue.

"Funga macho uingie," Elkana akajaribu.

"Nitoboe ukuta nikiwa nimefunga macho, Baba?"

"Haingii!" Priscilla akafoka. "Akivuka hilo pazia mimi sitakuwa na uso wa kwenda hata mtoni. Yawa, Baba Liz, unataka kunivua nguo mbele ya ukoo wao?"

Akazunguka sebule mara moja, mikono kichwani. Aliiona Suna inakuja mbio na mikono wazi. Kisha akasimama ghafla, uso ukang'aa.

"Kwani ukuta una upande mmoja?"

Ndivyo kazi ilivyofanywa. Zadock alisimama nje, nyuma ya nyumba, na suti yake, jenereta ikinguruma hadi ng'ombe wakahama. Priscilla alikuwa ndani, akigonga ukuta kwa mwiko ili mkwe ajue pa kutoboa. "Hapa!" Ko, ko, ko. "Wapi, Mama?" "Hapa ninapogonga! Kushoto! Si kushoto yako, kushoto yangu!" Tundu la kwanza lilitokea katikati ya kofia ya Jumapili ya Elkana iliyokuwa imening'inia kwenye msumari. Elkana akalia kama amepigwa yeye. Priscilla alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. La pili lilipata mahali pake, na la tatu, na la nne, na wakaomba radhi kwa kofia wakatoboa la tano. Bolti zikapitishwa kutoka ndani ya sefu, zikavuka ukuta, na Zadock akazikaza nati huko nje kwa spana kubwa. Kwa sababu alikuwa fundi anayependa kazi safi, akazipaka rangi nyekundu.

Sefu ilikataa kutikisika. Mkwe akachinjiwa kuku. Siku zilizofuata Priscilla alifagia chumba hicho mara nyingi kuliko kanisa linavyofagiliwa kabla ya askofu, na kila akipita aliigusa sefu kidogo, kama mtu anayehakikisha mtoto amelala.

Siku ya inspekta, mtu wa kwanza kufika hakuwa inspekta. Alikuwa Joyline. Aliingia langoni na mtoto mgongoni na kikapu mkononi, jasho jembamba puani, amependeza kama kawaida yake, jambo ambalo Priscilla hakumsamehe.

"Amosi, Mikayi."

"Salama. Umekuja kuona sefu?"

"Nimekuja kumwona Baba."

"Yuko. Na leo hata polisi watamwona."

Priscilla alimpa kiti na chai, na moyoni akaanza kupanga maneno yake, makali yakiwa mbele. Zadock naye alikuja na jenereta yake na suti ile ile, aone kazi yake ikisifiwa.

Inspekta Magige alikuwa Mkuria mnene mwenye sauti ya upole. Aliingia chumbani na Elkana, akaisukuma sefu kwa mkono, kwa goti, kwa bega. Wapi.

"Hii hata tembo hawezi, mzee. Safi sana."

Priscilla, aliyekuwa amesimama kwenye pazia, alitaka kupiga kigelegele akajizuia. Inspekta akaomba kuonyeshwa mahali pa kujisaidia. Akazunguka nyuma ya nyumba, na huko akakaa kidogo. Kisha wakamsikia anacheka. Alianza polepole kama gari linalowashwa kwa kusukumwa, halafu akashika kasi. Wakamkimbilia. Alikuwa ameshika tumbo, anaonyesha ukuta, ambapo nati nne nyekundu zilikuwa zinang'aa juani kama matunda yaliyoiva.

"Nani amefunga hii?"

"Mkwe wangu," Priscilla akasema.

"Kwa nini nati ziko nje?"

"Nimekwambia ni mkwe, Afande. Na hicho ni chumba changu."

Inspekta akaacha kucheka. Akamtazama Zadock na tai yake, akatingisha kichwa kwa huruma ya mtu mwenye mama mkwe Kehancha. "Ah. Hata mimi singeingia." Akajipangusa macho. "Lakini mama, mwizi si mkwe wako. Huyo atakuja na spana, atafungua hapa nje amekaa kivulini, kisha ataingia kubeba. Siwezi kupitisha."

"Basi tutaipeleka Suna," Elkana akasema haraka, bila kumtazama mtu. "Kule hakuna mambo ya mama mkwe."

Hapo ndipo Priscilla alipomgeukia Joyline, maneno yake aliyoyapanga yakiwa tayari kwenye ulimi. Lakini Joyline alikuwa amemgeukia Elkana.

"Suna wapi, Baba? Kwenye chumba gani? Kuna kitanda, kuna meza, kuna watoto, kuna karai. Sefu ikiingia, wewe utatoka."

"Tutapanga..."

"Tutapanga nini? Watoto wanaochezea hata moto? Mimi nimetoka Suna asubuhi hii kukuambia usiniletee bunduki. Iache kwa Mikayi. Huku kuna milango."

Maneno yote yale, makali na yaliyonolewa, yakakosa wa kukatwa. Priscilla akayameza, na badala yake kikatoka kicheko kidogo kisicho na adabu.

"Afande," akasema, "umekula?"

"Bado, mama."

"Hatuachi mgeni aende na njaa. Kuku yuko motoni. Ukimaliza kula, utaangalia tena." Na kuku, ambaye alikuwa ameiva zamani, akarudishwa jikoni na kuambiwa bado ni mgumu.

Nati zikafunguliwa. Zadock akatoa kwenye sanduku lake bolti nyingine, zile zinazojipanua zikikazwa ndani ya simiti, akasema hizo huenda sakafuni, kupitia matundu ya chini ya sefu. Lakini ni nani atashika drili? Elkana aliuogopa umeme tangu siku aliponaswa na feni Kisumu. Alikubali kushika waya tu, tena kwa kitambaa.

"Lete hiyo kitu," Priscilla akasema.

Zadock akaipitisha drili dirishani, mgongo wake ukiwa umelitazama dirisha, mkono umepindwa nyuma. Akabaki hivyo hivyo, uso kwa mahindi, akitoa maagizo kwa shamba.

"Mama, shika na mikono miwili! Bonyeza polepole!"

Priscilla akapiga magoti, akaingiza kichwa na mabega ndani ya sefu, akabonyeza. Drili ikanguruma, na sefu ikaanza kutembea. Ikacheza kwenda kitandani, naye akiwa ndani yake hadi kiunoni, akipiga kelele zilizosikika kama za mtu aliye mtungini.

"Inaniendesha! Ikalieni! Joyline!"

"Mikayi, niingie? Chumbani kwako?"

"Ingia! Kitanda usiguse, kalia sefu!"

Joyline akaingia, akarukia juu ya sefu na mtoto mgongoni. Sefu ikatulia kidogo, ila ilitetemeka, na Joyline akatetemeka nayo, meno yakigongana, mtoto akicheka kwa sauti.

"Mi-mi-mikayi, imeingia?"

"Bado! Ongeza uzito!"

"Nitoe wapi?"

"Fikiria ugali!"

Elkana, waya mkononi na kitambaa, alikuwa anaomba kwa sauti. Zadock alikuwa anayafundisha mahindi kukaza bolti. Inspekta sebuleni alisikia yote, akatabasamu, akawaambia majirani waliokuwa jikoni wasiharakishe.

Priscilla alipotoka ndani ya sefu, bolti zote zikiwa zimekazwa, alikuwa mweupe kwa vumbi la simiti kuanzia kichwani, macho mawili tu yakipepesa. Joyline akamtazama, akaketi chini kwa kicheko, na Priscilla akamwangukia begani, na wakakaa hapo sakafuni wakipigana mabega kama wasichana waliotoroka shule.

Inspekta akaja na harufu ya mchuzi mdomoni. Akasukuma. Akapiga teke. Akazunguka nyuma ya nyumba kuhakikisha. Akarudi.

"Imepita. Swali moja tu, mzee, maana lazima niandike. Unalala hapa?"

Elkana akatazama dari. Akatazama waya. Mke mmoja alikuwa kulia kwake, mweupe kama mzimu, na mwingine kushoto, na polisi mbele, na mkwe dirishani kwa mgongo lakini masikio yakiwa ndani.

"Nalala hapa," akasema.

Priscilla hakupiga kigelegele. Aliinama tu akaanza kuzoa vumbi, maana machozi ya furaha yakichanganyika na simiti yanaweza kuganda.

Bastola yenyewe ilipokuja ilikuwa ndogo kama kiazi. Majirani walioingojea walidai wameibiwa. Elkana aliifungia, akaufunga ufunguo shingoni, na siku iliyofuata akaenda Suna kama kawaida, akaiacha bastola ilale pale polisi waliposema ilale. Hakumaliza siku mbili. Alirudi mbio kuangalia kama ipo. Ilikuwepo. Akaenda tena, akarudi tena. Alikonda. Ng'ombe walianza kumjua njiani.

Halafu siku moja pikapu ikasimama langoni. Nyuma kulikuwa na godoro, meza iliyogeuzwa miguu juu, karai, na watoto juu ya kila kitu. Mbele alikaa Joyline. Elkana akashuka.

"Ni nini hii, Baba Liz?"

"Si niliambia serikali nyumbani ni hapa? Nimerudi."

"Nilitaka urudi wewe."

"Mimi ndio hawa."

Priscilla akashika kiuno. Akahesabu vichwa, akaacha, maana havikutulia. Mmoja alikuwa ameshamkamata bata shingo. Kelele ziliujaza ua hadi kwenye paa, na Priscilla akagundua kwamba anajizuia kutabasamu na hawezi.

"Joyline, shuka huko, si wewe bibi arusi. Unaona pale kulia kwa nyumba kubwa, mahali penye nyasi? Nyumba yako itasimama pale. Mzee ataanza kukata miti kesho. Mpaka iishe, nyinyi mtalala sebuleni, na watoto wasikojoe kwenye viti vyangu vya kitambaa."

"Asante, Mikayi."

"Usinishukuru, hujaonja mdomo wangu."

Elkana, godoro kichwani, aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Na mimi nilale wapi?"

Wake zake wakaangaliana.

"Muulize inspekta," Joyline akasema, na Priscilla akacheka hadi akamshika yule mwenzake mkono asianguke.